Nusu Saa Kichwa Chini: Chumba cha Simuleta ya Sarakasi za Angani, Ntinda

Chumba hiki hakina kibao mlangoni. Unapanda ngazi za jengo la maduka hapa Ntinda, Kampala, unapita fundi wa simu na saluni mbili, na kwenye ghorofa ya tatu unakuta mlango wa bluu ambao majirani, ukiwauliza, husema tu kuwa ni kwa yule mzee wa ndege. Kwa kuwa mwenyewe hajakipa jina, nami sitakibunia. Nitaeleza kinachouzwa humo na kama kinastahili fedha zake. Kinachouzwa ni nusu saa ya kukaa kwenye kiti cha rubani wa ndege ya sarakasi, mbele ya skrini tatu, ukijaribu kwa mikono na miguu yako mambo ambayo ukiyatazama kwenye simu unaapa kuwa yametengenezwa na kompyuta.

Kiapo cha namna hiyo ndicho kilichonipeleka. Mpwa wangu wa kidato cha tatu alinionyesha video ya ndege ndogo ikipita mbele ya watazamaji kwa ubavu, bawa moja limeelekea ardhini na jingine mbinguni, nayo haikushuka hata kidogo mpaka mwisho wa uwanja. Akasema, "Mjomba, huu ni uongo. Bawa ndilo linaloinua ndege. Likisimama wima, ndege inashikiliwa na nani?" Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nilijaribu kumjibu, nikajikuta natumia maneno mengi yasiyo na kitu ndani. Mwalimu mwenzangu wa fizikia ndiye aliyenielekeza Ntinda, akisema kuwa huko swali hilo hujibiwa kwa mguu wa kushoto.

Malipo ni shilingi 40,000 kwa nusu saa na 70,000 kwa saa nzima, kwa njia ya simu au taslimu, na nafasi huwekwa kwa ujumbe wa WhatsApp siku moja kabla. Mtazamaji mmoja huingia bure. Hakuna kinywaji, na nitaeleza baadaye kwa nini hilo ni jema.

Mwenye chumba ni fundi mstaafu wa injini za ndege aliyesomea Soroti, katika chuo cha urubani kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Kiswahili chake alikipata huko, miongoni mwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania, na somo lote hulitoa kwa Kiswahili hicho, akikatiza kwa Kiganda anapoona umekwama. Vifaa vyake havitamvutia mtu anayependa vitu vinavyong'aa. Kiti kimetolewa kwenye gari bovu, fimbo ya usukani imesimama katikati ya magoti, na pedali mbili za chuma zimechomelewa na mafundi wa Katwe. Ndege inayoigizwa ni ya aina ya Extra 300, iliyobuniwa na Mjerumani Walter Extra na kuruka kwa mara ya kwanza mwaka 1988, yenye injini ya nguvu za farasi 300 na mwili uliojengwa kustahimili mara 10 ya uzito wake, iwe imesimama sawasawa au kichwa chini. Anayetaka ndege yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, huwekewa Pitts, ambayo asili yake ni kazi ya Mmarekani Curtis Pitts ya miaka ya 1940.

Jambo la kwanza lililonipendeza ni kuwa mzee hakuanza na maajabu. Alitupaisha juu ya Ziwa Nalubaale, yaani Viktoria, akatugeuza kichwa chini, kisha akaamuru twende hivyo hivyo moja kwa moja kwa dakika tatu. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini ndiyo iliyofungua mlango wa mengine yote. Bawa la ndege ya kawaida limetuna juu kuliko chini, kwa hiyo hupenda kuruka likiwa upande mmoja tu. Bawa la ndege ya sarakasi limetuna sawa pande zote mbili, halijui juu wala chini, na hunyanyua kwa kadiri linavyoinamishwa kukabili upepo. Kilichobaki ni injini. Kabureta ya kawaida hutegemea boya linaloelea, na ukiipindua injini hukohoa ikazimika. Ndiyo maana ndege hizi hunyunyiziwa mafuta kwa pampu, na ndani ya tangi kuna bomba laini la mpira lenye kizito mwishoni linaloanguka kila mafuta yanakoangukia, nayo oili ina njia zake mbili. Mzee alikuwa na bomba la namna hiyo mezani, akalichovya kwenye chupa ya maji na kuipindua chupa ili tuone. Nimehudhuria semina za siku nzima ambazo hazikunifundisha kiasi hicho.

Ndipo tukafika kwenye swali la mpwa wangu. Mzee alimwambia aielekeze ndege kwenye uwanja wa Entebbe, ailaze kwa ubavu wa kulia hadi bawa lisimame wima, kisha asifanye lolote. Ndege ikaanza kuinamisha pua na kushuka, kama kijana mwenyewe alivyotabiri. "Sasa kanyaga mguu wa kushoto," mzee akasema. Kijana akakanyaga. Usukani wa mkia, ambao siku zote hugeuza pua kushoto na kulia, sasa ulikuwa umelala nao kwa ubavu, kwa hiyo ukainua pua kuelekea angani. Na mara kiwiliwili cha ndege kilipoelekea juu kidogo huku kikisukumwa kwa kasi ile, ubavu wake mpana ukaanza kufanya kazi ya bawa. Injini nayo, kwa kuwa inavuta kuelekea juu kidogo, husaidia kuubeba mzigo. Ndege ikanyooka na kupita juu ya njia ya kurukia bila kushuka. Mpwa wangu hakusema kitu, ila mguu wake ulikuwa unatetemeka kwa kukanyaga, kwani pedali za Katwe ni ngumu kuliko zinavyopaswa kuwa, na hiyo ni kasoro ya kwanza ninayoiandika hapa.

Kwa maoni yangu, hilo pekee lilitosha kulipa shilingi 40,000. Michezo hii huonekana haiwezekani kwa sababu jicho linatafuta nguvu mahali ilipozoea kuiona. Rubani hajaivunja kanuni yoyote. Ameitii kanuni kwa sehemu nyingine ya ndege, na simuleta hukulazimisha uitafute sehemu hiyo kwa viungo vyako.

Mfano ulionishinda mimi binafsi ni wa chai. Mmarekani Bob Hoover, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa na desturi ya kumimina chai ya baridi kutoka kwenye jagi hadi kwenye glasi huku ndege yake ikibingirika mzunguko mzima, na chai haikumwagika. Kila mtoto aliyewahi kuchota maji na kuizungusha ndoo kwa mkono bila kumwaga amefanya nusu ya mchezo huo. Nusu nyingine ndiyo ngumu: Hoover aliizungusha ndege kana kwamba inajiviringisha kwenye ukuta wa ndani wa pipa kubwa lililolala, kwa upole kiasi kwamba chai, glasi na yeye mwenyewe walikandamizwa kuelekea sakafu ya ndege kwa uzito ule ule wa mtu aliyekaa barazani. Kwa chai hiyo, chini ilikuwa ni sakafu ya ndege wakati wote, hata ziwa lilipokuwa juu ya kichwa. Kwenye paneli ya simuleta kuna kipimo chenye mshale unaoonyesha nguvu hiyo, na mtihani wa mzee ni kubingirika huku mshale ukibaki karibu na 1. Mimi niliufikisha 2.8, kisha ukashuka chini ya sifuri, ambapo chai ingekuwa kwenye dari. Nilirudia mara tano. Mzee alinifariji kwa kunikumbusha kuwa mwaka 1955 Tex Johnston alibingirisha hivyo hivyo ndege kubwa ya injini nne, mzazi wa Boeing 707, juu ya Ziwa Washington huko Seattle, mara mbili, mbele ya umati. Kwa mabawa yale, mzunguko uliofanywa vizuri haukuwa mzigo mkubwa kuliko safari ya kawaida. Sikuona faraja yenyewe iko wapi, maana ndege yangu ilikuwa ndogo na bado nilishindwa.

Hadithi za namna hii mzee anazo nyingi, na hapa mteja anapaswa kuwa macho, kwa sababu saa haisimami anapozungumza. Alipofika kwa Pyotr Nesterov, Mrusi aliyefunga kitanzi cha kwanza duniani, yaani duara la wima angani, juu ya Kyiv mwaka 1913 na kuwekwa kizuizini kwa kuhatarisha mali ya serikali kabla ya kupandishwa cheo, dakika zangu sita zilikuwa zimekwenda. Hata hivyo kuna hadithi moja ambayo ningeilipia zaidi. Mwezi Juni 1970, Mwingereza Neil Williams alikuwa akifanya mazoezi kwa ndege ya Zlin pale mhimili wa bawa la kushoto ulipokatika na bawa likaanza kujikunja kuelekea juu. Aliipindua ndege kichwa chini. Upepo uliokuwa ukilikunja bawa sasa ukawa unalisukuma lirudi mahali pake. Akaruka hivyo hadi uwanjani, na alipokuwa karibu kabisa na ardhi akaigeuza sawasawa na kutua kwa tumbo, akatoka akitembea. Mzee anayo programu ya kuigiza ajali hiyo. Mpwa wangu alijaribu mara tatu na kulipoteza bawa mara tatu, kwa kuwa kila alipogeuza mapema mno bawa lilijikunja upya, na kila alipochelewa aligonga nyasi kwa kichwa. Wakati huo chumba kizima kilikuwa kimya, hata fundi wa simu wa chini alikuwa amepanda kuja kuchungulia.

Mahali ambapo simuleta inashindwa, inashindwa waziwazi. Mchezo mashuhuri kuliko yote ya kupinduka hovyo huitwa lomcovak, jina la Kicheki, nao uliletwa na Ladislav Bezák, aliyekuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa sarakasi za ndege mjini Bratislava mwaka 1960. Ndege hupanda, kisha hujirusha mzobemzobe, mkia juu ya pua, bawa juu ya bawa, kama kijiti kilichotupwa. Siri yake ni rafadha, yaani pangaboi la mbele linaloivuta ndege, ambayo inapozunguka kwa kasi huwa na tabia ya pia ya watoto: ukiisukuma upande mmoja, hujibu kwa upande mwingine. Rubani huiruhusu ndege ipoteze nguvu ya kuinua, kisha huisukuma rafadha kwa makusudi ili jibu lake liipindue ndege nzima. Programu ya mzee hutoa kitu kinachofanana na hicho, lakini kila mara kwa mpangilio ule ule, kama ngoma ya kukariri, na yeye mwenyewe alikiri kuwa hesabu za programu hulegea pale upepo unapoacha kulishika bawa. Nilimheshimu kwa kukiri. Ningemheshimu zaidi kama mchezo huo usingekuwa wa kwanza kwenye orodha iliyobandikwa ukutani.

Karatasi hiyo ya ukutani ina dai jingine ambalo silikubali hata kidogo: kwamba mteja atahisi nguvu zote za angani. Hatahisi. Kiti hakisogei. Kwenye ndege halisi mtu wa kilo 70 anayevutwa kwa mara 10 ya uzito wake hukandamizwa kana kwamba ana kilo 700. Damu hukimbilia miguuni, macho hupoteza rangi kwanza, kisha hufunikwa na giza kutoka pembeni, na watu wengi wasiofunzwa huzimia mapema zaidi, karibu na mara 5. Rubani wa mashindano hukaza misuli ya miguu na tumbo na kupumua kwa mikupuo ili damu ibaki kichwani, na kwa upande wa pili, anaposukuma badala ya kuvuta, damu hujaa usoni mpaka mishipa midogo ya macho ikapasuka. Yote hayo kwenye chumba hiki huwakilishwa na skrini kufifia polepole. Nilimuuliza mzee kwa adabu kwa nini asiirekebishe karatasi. Akasema, "Mwalimu, nikiandika ukweli watakuja wangapi?" Ninamwelewa, ila mteja anapaswa kujua ananunua nini.

Miwani ya uhalisia pepe, inayoongezwa kwa shilingi 10,000, huleta sehemu moja ya ukweli huo bila kukusudia, yaani kichefuchefu. Macho huliambia sikio la ndani kuwa unapinduka, nalo linakataa, na tumbo ndilo linalolipa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuna vinywaji, na kwa nini ndoo ya plastiki imewekwa nyuma ya kiti. Ukiwa umekula rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, pale chini kabla ya kupanda, kama nilivyofanya, baki na skrini tatu.

Upande wa pili wa mizani naweka jambo ambalo sikulitarajia, nalo ni Entebbe yenyewe. Vituo vya aina hii hupenda kukupeleka Dubai au New York. Mzee hukuacha nyumbani, na ana sababu. Uwanja wa Entebbe uko mita 1,153 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa joto la nyuzi 27 hewa yake huwa nyepesi kama ile ya mita 1,800 hivi siku ya kawaida. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, rafadha na mabawa hupata hewa haba ya kushika, na kitanzi huwa kipana kuliko ambavyo kingekuwa Mombasa. Alitufanyisha kitanzi kimoja pwani na kimoja hapa, kwa kuanzia kimo na kasi zile zile za kipimo. Cha pwani kilifunga na nafasi ikabaki. Cha hapa kilimaliza na maji ya ziwa yakiwa yamejaa skrini yote. Dirishani kalooli wawili, wale korongo wakubwa wa jalalani, walikuwa wakizunguka juu ya paa la soko bila kupiga bawa, wakipandishwa na joto lile lile lililotunyima hewa, na mzee akawanyooshea kidole bila kusema kitu.

Mpwa wangu, ambaye amekwisha kuziona ndege zetu za kivita za Su-30 zikipita juu ya uwanja wa Kololo, alitaka kujua kama zinaweza kufanya kobra, ule mchezo ambao Viktor Pugachev aliwaonyesha watu wa Paris kwa Su-27 mwaka 1989: ndege inanyanyua pua hadi kupita wima, inaendelea mbele kwa tumbo kama mtu aliyefunga breki, kisha inainamisha pua na kuendelea na safari. Jibu la mzee lilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia. Su-27 ile haikuwa na nozeli za kugeuza moto wa injini, na Su-30MK2 za Uganda, zilizopokelewa kuanzia mwaka 2011, hazina pia. Kobra hutokana na umbo la ndege lisilopenda kutulia na kasi iliyopimwa vizuri, na baada ya kuifanya ndege hubaki karibu bila mwendo, jambo ambalo haliwafai askari wengi. Simuleta yake haina ndege ya jeti. Tukaishia hapo.

Umeme ulikatika mara moja, tukiwa kileleni mwa kitanzi. Betri ya akiba ilishikilia kompyuta lakini si skrini, kwa hiyo tulisikia tu injini ikiendelea gizani kwa sekunde kadhaa, kisha mlio wa kuanguka. Mzee alitufidia dakika tano bila kuombwa.

Malalamiko yangu ya mwisho yanahusu kitufe chekundu cha kuanza upya, kilichowekwa karibu mno na mkono. Katika dakika za mwisho kijana aliachiwa afanye atakalo, akaamua kupita chini ya daraja jipya la Jinja, lile la mita 525 lililofunguliwa mwaka 2018. Aliligonga mara saba, na mara saba alibonyeza kitufe kabla hata skrini haijamaliza kuonyesha alichokosea. Alikuwa amesikia habari za Dario Costa, Mwitaliano aliyepita kwa ndege ndani ya mahandaki mawili karibu na Istanbul tarehe 4 Septemba 2021, kwa chini ya sekunde 44. Kile ambacho kitufe kilimficha ni kuwa Costa hakuwa na jaribio la pili, na ncha za mabawa yake zilikuwa mita chache tu kutoka ukutani. Ningependa mzee akisogeze kitufe hicho upande wake wa meza, ili kila anayeanguka aombe kuendelea na aeleze kwanza ameangukaje.

Kwa mwanafunzi wa sekondari anayesoma fizikia, chumba hiki kinafaa kuliko mahali pengine popote nilipompeleka kijana wangu kwa bei hiyo. Anayetaka msisimko wa mwili atasikitika. Anayetaka kujifunza urubani wa kweli hatapata cheti wala saa za kuandikisha, na mzee hulisema hilo mwenyewe kabla ya kupokea fedha. Wazee wenye shingo mbovu wasivae miwani.

Nimeshalipia saa nzima ya Jumamosi. Mpwa wangu anataka kurudia bawa la Williams mpaka litue likiwa zima. Mimi nitachukua dakika 20 za mwisho, na ninataka ule mshale ubaki kwenye 1.